Ng'ombe Asiye na Gharama

Mume wangu alichagua ng'ombe wa nyama kwa sababu hawakamuliwi. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa tulipokuwa tumesimama kwenye shamba letu jipya upande wa Likuyani, Uhuru ukiwa bado mchanga, majani yakitufika magotini. Mzungu aliyekuwa na ardhi ile alikuwa ameshakwenda zake, na shamba lake lilikuwa limekatwa vipande vipande, kila familia ikapewa chake kwa mkopo. Kipande chetu kilikuwa na mikalitusi michache, birika la saruji la kunyweshea mifugo na seng'enge iliyoliwa na kutu. Majirani walizungumza habari za mahindi na ng'ombe wa maziwa. Yeye alitikisa kichwa.

"Ng'ombe wa maziwa ni kama mke wa pili," akasema. "Anataka ndoo, anataka mkamuaji, anataka chakula cha dukani. Maksai anataka nini? Mdomo anao, na majani haya hapa. Ng'ombe wa nyama hana gharama."

Nilicheka. Ndoa yetu ilikuwa changa, na mtu yule mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni nilimwona mwerevu kuliko wote waliokuwa wakilima kandokando yetu. Alikuwa karani wa serikali mjini Kakamega, amepanga chumba Shieywe. Mpango wetu ulikuwa yeye abaki na kazi, kwa kuwa mshahara ndio uliolipa mkopo wa ardhi na karo ya wadogo zake, nami nikae shambani na mama yake mpaka mambo yakae sawa. Mwisho wa mwaka tungeuza maksai, nami ningeshuka mjini. Hospitali kuu ilikuwa ikichukua wasichana waliomaliza darasa la nane kuwafundisha uuguzi, na cheti changu nilikuwa nacho. Mume wangu mwenyewe alisema, "Tukiuza tu, utaenda."

Maksai aliwanunua mwisho wa kiangazi, wakiwa mbavu tupu, wakati ambapo kila mwenye ng'ombe alitaka kumpunguza. Hapo alipiga hesabu nzuri, siwezi kumnyima sifa yake. Mvua ilipoanza, majani yaliota usiku na mchana, na wale maksai wakajaa migongo bila sisi kutumia senti. Walikuwa na mchungaji pia, mtu mzima mpole aliyelala katika kibanda karibu na birika. Mwisho wa mwezi mume wangu alikuja, akamtazama yule mchungaji akila, akanivuta kando.

"Huyu anakula faida yetu," akasema. "Wewe unashinda hapa hapa. Kuangalia ng'ombe wanaokula majani ni kazi gani?"

Mchungaji akaenda. Safari iliyofuata likaenda josho. Kupeleka ng'ombe joshoni kulikuwa na ada, kwa hiyo akaniletea bomba la mkono la kunyunyizia na dawa kidogo ya kupe, akanionyesha namna ya kuichanganya. Maji ya kuchanganyia niliyabeba mimi kichwani. Kupe waliojificha masikioni na chini ya mkia niliwang'oa kwa vidole nikawatupa motoni. Kisha likaenda jiwe la chumvi la dukani. Badala yake nilisaga magadi nikachanganya na majivu. Mwisho akakataa kununua seng'enge mpya. Alileta mbegu za michongoma, tukazipanda mpakani, akasema michongoma ikikua hakuna ng'ombe atakayepita.

"Na kabla haijakua?" nikamuuliza.

"Kabla haijakua si upo?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesifu. Lakini tangu siku ile niliacha kutoka. Nikienda sokoni, maksai waliingia katika mahindi ya jirani. Nikienda kanisani, hivyo hivyo, na mara moja jirani alikuja mpaka mlango wa kanisa kuniita mbele ya watu wote. Dada yangu alipoolewa Mayoni, huko kwenye miwa, sikwenda. Nilisimama mpakani na fimbo siku ile, nikakisia saa ya kwaya, nikakisia saa ya chakula. Shamba lile lilikuwa pana, unaona mbali mpaka macho yanachoka, na sijapata kukaa mahali penye nafasi kubwa kiasi kile nikakosa pumzi.

Mama mkwe alikuwa ameletwa juu ya lori la mbolea, na chungu chake na kuku mmoja. Alikuwa mjane, mtu wa milimani kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye mawe makubwa na vijito. Likuyani hakuipenda hata siku moja.

"Huku jua halina pa kujificha," alikuwa akisema. "Na upepo haubishi hodi."

Hakuwa mkwe wa kunisumbua. Alipika obusuma, ugali wa kwetu, akachuma mboga, akaniletea chakula kule nilikokuwa na ng'ombe, tukala tumekaa juu ya ukingo wa birika. Mara nyingi alizungumza juu ya kaburi la mumewe. Lilikuwa chini ya jiwe fulani kule kwao, na yeye alikuwa amejichagulia nafasi kando yake.

"Mwana wanje," aliniambia, ndivyo alivyoniita, mwanangu, "nikifa mnirudishe. Mimi nimekuja huku kusaidia tu. Sikujanga kukaa."

"Hata mimi, mama," nikamwambia.

Mwaka ulipoelekea kwisha maksai walikuwa tayari. Mnunuzi alikuja, akawapiga makofi ya mgongo, akapatana na mume wangu, akaahidi kurudi na watu wa kuwaswaga. Nilikuwa nimeshafua nguo zangu na kumwomba dada anishonee gauni la kwendea hospitalini. Siku chache kabla mnunuzi hajarudi, ng'ombe wa jirani wa pili walianza kudondosha udenda na kuchechemea. Afisa wa mifugo alifika na askari, akafunga kitambaa chekundu kwenye kila lango la upande ule. Alikuja kwetu akasimama nje.

"Ugonjwa wa miguu na midomo," akasema. "Kuanzia leo ni karantini. Hakuna ng'ombe, mbuzi wala ngozi kutoka hapa. Mtu akitoka au akiingia, akanyage dawa kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuseme."

Tukawekewa gunia lililoloweshwa dawa langoni. Majirani waliacha kutembeleana, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa na ugonjwa kwenye viatu. Mnunuzi hakurudi. Mvua ilikuwa imekatika zamani, na yale majani ambayo hayakuwa na gharama yakawa ya kahawia, yakawa mafupi, kisha yakawa udongo. Maksai wakubwa wale, walionona kwa ajili ya kuuzwa, walikaa palepale wakinitazama.

Mume wangu alikuja mara moja katika miezi ile. Alifika asubuhi, akasimama nje ya lango amevaa viatu vyake vya ofisini, akalitazama gunia la dawa, akakiona chuma kilichokuwa kando yake kimebabuka rangi.

"Hii dawa inakula ngozi," akasema. "Nikiharibu viatu hivi nitaendaje kazini?"

Basi tukazungumza yeye akiwa nje na mimi ndani, seng'enge katikati. Mama yake alitoka na kigoda akaketi nyuma yangu.

"Wanakula nini?" akauliza.

"Hakuna wanachokula. Majirani wanauza mabua ya mahindi. Kule barabarani kuna mtu anauza nyasi zilizokaushwa."

"Usinunue. Tukinunua chakula sasa, tutakuwa tumewala maksai kabla ya kuwauza. Tafuta njia."

"Njia ipi?"

"Wewe ni mtu mwenye akili."

Nikamuuliza habari za hospitali, kwa sababu darasa jipya lilikuwa karibu kuanza. Alikuna shingo, akatazama mikalitusi.

"Hospitali haihami," akasema. "Ila sasa, kwa hali hii, ukiondoka itakuwaje?"

Mama mkwe akadakia kutoka kwenye kigoda chake. "Utavua viatu uingie uwasalimu ng'ombe wako, au ulikuja kusalimu lango?"

Alipitisha mfuko wa sukari na sabuni juu ya seng'enge, nikaupokea, akaenda zake kutafuta gari la kurudi. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Yeye aliweza kupotea kwenye kona, hilo ndilo nililoliwaza.

Njia niliitafuta. Nililima vishamba vya majirani watatu, nao wakanilipa kwa mabua badala ya pesa. Nikayabeba mafungu kwa mafungu, nikakanyaga dawa kila nilipotoka na kila nilipoingia, mpaka nyayo zikapasuka. Mama mkwe aliyakatakata kwa panga na kuyanyunyizia maji ya chumvi ili yalainike. Tulikata migomba iliyokwisha kuzaa tukawapa vigogo vyake. Tulikata matawi. Halafu, tukidhani ugonjwa umetupita, asubuhi moja maksai mwekundu, mkubwa kuliko wote, alikataa kusimama. Udenda ulimning'inia mpaka chini. Nilipomfungua mdomo ulimi ulikuwa umevimba malengelenge, na ngozi yake ikanibakia mkononi kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Baada ya huyo wakafuata wote. Daktari wa mifugo alisema ugonjwa wenyewe hauna dawa, utapita. Ng'ombe mzima hafi kirahisi, lakini huacha kula. Basi tuliwaosha vinywa kwa maji ya magadi, asubuhi na jioni. Mimi nilishika pembe na pua, mama mkwe akamimina kwa kibuyu. Kwato tulizisafisha kwa kitambaa. Tuliwalisha majani laini ya viazi vitamu, moja moja, kama mtu anayelisha mtoto mgonjwa. Mama mkwe aliwasemesha kwa lugha ya kwao, akiwaita wajukuu, akiwakaripia wasipomeza. Mimi sikuwasemesha. Nilikuwa nimewachukia. Kila nilipomfungua mmoja mdomo niliona kwamba mikono yangu imejifunza kazi ya uuguzi, na wagonjwa niliopewa ni hawa.

Siku moja, nikiwa nimemkumbatia shingo yule mwekundu asitikisike, nililia. Mama mkwe aliendelea kumimina maji mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akakaa chini, akajifuta mikono kwenye nguo.

"Mimi niliolewa nikitaka kurudi kwetu," akasema. "Niliambiwa nisubiri mavuno. Nikasubiri mavuno. Nikapata mtoto, nikaambiwa nisubiri atembee. Mtoto mwenyewe ndiye yule anayeogopea viatu." Akanitazama. "Hawa wakipona, wewe nenda mjini kaonane na hao watu wa hospitali. Fimbo nitaishika mimi."

"Utaweza, mama?"

"Nitakaa mpakani. Si kukaa tu? Ng'ombe hanijui kama ni mzee."

Maksai walipona wote, isipokuwa mmoja aliyebaki anachechemea. Mvua ya masika ilianza, kitambaa chekundu kikaondolewa, na mnunuzi akarudi. Aliwatazama mbavu zao, akataja bei ya kumcheka mtu. Mume wangu, ambaye sasa aliweza kuingia bila kukanyaga dawa, alizunguka zizi mara kadhaa, akasema hatuuzi; majani yameota tena, hayana gharama, tuwanenepeshe mpaka mwisho wa mwaka. Alisema bila kunitazama. Mama mkwe alinifinya mkono.

Wiki iliyofuata alishika fimbo, nami nikapanda basi kwenda Kakamega. Sikumwarifu mume wangu. Niliingia hospitalini na cheti changu ndani ya kitambaa, nikangoja kwenye benchi pamoja na wasichana wengine, wengi wadogo kwangu. Mkuu wa wauguzi, mwanamke mrefu aliyevaa soksi nyeupe, alinitazama mikono kabla ya kutazama cheti. Aliigeuza viganja juu, akaona mikwaruzo ya seng'enge na ya mabua.

"Unafanya kazi gani?"

"Nafuga ng'ombe."

"Unaogopa damu?"

"Hapana. Wala usaha."

Akatabasamu. Akasema darasa lile limejaa, lakini kuna jingine linaanza mwezi wa tisa, na jina langu ataliandika. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo, bado shingo haijaamini.

Kutoka hospitalini nilikwenda Shieywe, katika chumba cha mume wangu. Sikuwahi kulala humo. Siku zote yeye ndiye aliyekuja kwetu. Nilimkuta jikoni kwa jirani yake, anasonga obusuma katika sufuria ndogo. Alishtuka, kisha akanikaribisha. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na shati lake la pili limetundikwa msumarini. Kola ya shati lile ilikuwa imegeuzwa na fundi, upande uliochakaa ukatiwa ndani. Mboga haikuwapo. Tulikula obusuma kwa chumvi iliyokorogwa ndani ya maji ya moto.

"Kila siku unakula hivi?" nikamuuliza.

"Siku nyingine kuna dagaa." Akacheka kidogo. "Ulidhani nakula kuku huku?"

Ukweli ni kwamba nilidhani. Miezi ile yote nilimwazia mezani kwenye hoteli, na sasa niliona kwamba alichonikatia mimi alijikatia na yeye pia, tena kuliko mimi. Nilimwambia habari za mwezi wa tisa. Alikwangua ukoko wa sufuria.

"Na ng'ombe?"

"Mama amesema atawaangalia."

"Basi," akasema. "Kama mama amekubali, mimi ni nani?"

Nilirudi Likuyani nikiwa mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa mpakani amejifunika gunia kichwani, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, na maksai wote walikuwa upande wetu wa ua. Nilipomweleza alirusha fimbo juu akapiga kigelegele, akiwa peke yake katika uwanda ule, na ng'ombe wakainua vichwa.

Kuanzia hapo alisisitiza kuchunga kila siku, ati ajizoeze. Nilimkataza siku za mvua. Akanijibu kwamba mvua haichagui nani amezaliwa lini. Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Alianza kukohoa. Nilimfungia ndani, nikamkanda kifua, nikamchemshia majani. Nilipoona midomo inageuka rangi niliomba mkokoteni wa jirani tumpeleke zahanati. Walimdunga sindano, wakasema turudi kesho. Kesho yake alfajiri aliniomba maji, akanywa kidogo, akauliza kama maksai wametoka. Nikamwambia wametoka. Akasema, "Basi nenda." Hakusema tena neno lolote.

Mume wangu alifika jioni ile na wadogo zake. Alilia kwa sauti, akajitupa chini mbele ya mlango, kalamu ikamdondoka mfukoni. Nilimwacha alie mpaka alipotulia, kisha nikamwambia maneno ya mama yake: kwamba arudishwe milimani, kando ya mumewe, na mahali pake alishapachagua.

Alijifuta uso. "Unajua gari la kubeba maiti mpaka kule ni kiasi gani?" akasema. "Na kulisha watu huko na huku?"

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu!" Kisha akashusha sauti. "Ng'ombe wako hapa. Kuni ziko hapa. Watu watakula hapa."

Wazee wa ukoo waliokuja walimwunga mkono, ingawa kwa sababu nyingine. Walisema ardhi ya mkopo bado ni ya serikali. Ikipata kaburi ndipo inakuwa ya ukoo. Walisema mama amemfungulia mwanawe boma. Mimi nilikuwa mke, nilikuwa nimeshasema, na kusema mara ya pili kungekuwa ugomvi juu ya maiti. Walichimba kaburi karibu na mikalitusi. Wakamchinja yule maksai anayechechemea, kwa kuwa ndiye asiyeuzika. Vijana wakawaswaga waliobaki kuzunguka boma mbio, kwa nyimbo na matawi, kama desturi, na vumbi likapanda ingawa ardhi ilikuwa mbichi. Nilikula kipande cha ini. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa nzuri.

Mazishi yalipokwisha mume wangu alirudi kazini. Hakunikataza kwenda hospitalini. Hakuna aliyenikataza. Mwezi wa tisa ulipofika, asubuhi ya siku niliyoandikiwa, niliamka, nikaoga, nikavaa lile gauni alilonishonea dada. Nikatoka nje. Maksai walikuwa wamesimama kwenye lango la zizi, wakinisubiri niwafungulie. Michongoma ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu. Kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu, hakuna wa kulipalilia. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumpa fimbo. Kisha nikaingia ndani nikavua gauni.

Watoto wetu walizaliwa pale, wakasoma kwa maksai wale na wengine walionunuliwa baada yao, kila mara wakiwa wamekonda, kila mara kiangazi kikiisha. Mkopo ulilipwa, na michongoma ikakua mpaka ikawa ukuta usiopitisha hata kuku. Mume wangu alistaafu akaja kukaa nasi, na sanduku lake na mashati mawili. Kule mjini alikuwa amezoea kutembea baada ya kazi, aende sokoni, apite kwa rafiki, asome gazeti la mtu. Siku zake za kwanza shambani alikuwa akiamka mapema, anavaa viatu, anasimama mlangoni akiniuliza, "Leo tunakwenda wapi?"

"Birikani," nikamwambia. "Halafu tunarudi."